Monita inasema anapumua mara 82: je, mashine ni mbovu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya huku mkoani Njombe. Tumepokea monita ya wagonjwa ya msaada kutoka Marekani, imetumika lakini ni safi. Tangu tuifunge inatuchanganya. Mstari wa moyo ni mnene, una vinywele, na kwa wagonjwa wengine unachorwa kichwa chini. Namba ya upumuaji inaruka: juzi mama aliyejifungua kwa operesheni iliandika anapumua mara 82 wakati mapigo ya moyo ni 84, nilipohesabu mwenyewe nikapata 22. Mara nyingine inaandika sifuri na kupiga kelele wodi nzima. Oksijeni ya wenzangu wazima kabisa inaonyesha 93 au 94. Mganga Mfawidhi anasema irudi stoo, tuendelee na saa ya mkononi. Je, ni mbovu kweli?

JIBU: Marahaba sista, na kamwene huko Njombe.

Mwombe Mganga Mfawidhi asubiri kidogo. Kwa maelezo yako, mashine hiyo kuna uwezekano mkubwa ni nzima, ila imekuja na mipangilio ya kwao na nyaya za kwao, ikakutana na umeme wetu na baridi yenu. Na zile namba mbili, 82 na 84, zimenipa nusu ya jibu kabla sijamaliza kusoma swali lako. Nitazifikia.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana ndilo linalowasumbua wauguzi na hata madaktari wengi ninaokutana nao kwenye wodi za Mbeya, Iringa na huko kwenu. Monita haiuoni moyo wala mapafu. Kwa moyo, pumzi na oksijeni, inachopima ni umeme mdogo ulio juu ya ngozi, ukinzani wa kifua pale umeme unapopitishwa ndani yake, na mwanga unaovuka kidole. Basi. Kutokana na hivyo vitatu inachora mawimbi, kisha programu iliyomo ndani inayasoma mawimbi hayo na kukisia namba. Ushahidi uko kwenye wimbi. Namba ni maoni ya programu. Kwa hiyo kila unapoisogelea, macho yaanze kwenye wimbi. Wimbi likiwa bovu, namba iliyo pembeni yake usiiandike kwenye faili, hata kama inapendeza.

Sasa tuanze na huo mstari mnene.

Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi unabaki kama milivolti moja tu, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya kuunasa umeme huo, alitumia mtambo wenye uzito wa kilo 270 hivi uliohitaji watu watano kuuendesha, na mgonjwa alikaa mikono na mguu mmoja vimezamishwa kwenye ndoo za maji ya chumvi. Leo mtambo wote umeingia kwenye boksi unalolibeba kwa mkono mmoja, lakini umeme wa moyo haujaongezeka hata kidogo. Ni ule ule. Na kuzunguka kitanda chako kuna nyaya za volti 230, taa, chaja za simu, mashine ya kufyonza, kipasha joto cha watoto. Vyote hivyo vinatupa umeme wao kwenye mwili wa mgonjwa bila hata kumgusa. Monita inafanya kazi ya mtu anayemsikiliza mwenzake akinong'ona katikati ya soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi.

Inajisaidia kwa njia mbili. Ya kwanza, inalinganisha stika mbili zilizobandikwa kifuani na kutupa kile kinachofanana kwenye zote. Kelele ya umeme wa ukutani hufika kwenye stika zote mbili karibu sawasawa, umeme wa moyo haufiki sawasawa. Ya pili ni kichujio kinachokata kelele ya mzunguko mmoja maalumu. Hapa ndipo mashine yenu ilipokwama. Umeme wa Tanzania una mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani una 60. Monita iliyokuwa ikitumika kule imeachwa ikikata 60, kwa hiyo kelele yetu ya 50 inapita bila kuguswa na kukaa juu ya mstari wa moyo.

Ingia kwenye menyu ya ECG, yaani ya huo mstari wa umeme wa moyo, au ya mipangilio ya jumla, tafuta mahali palipoandikwa 60Hz, weka 50Hz. Kwenye baadhi ya mashine kipengele hicho kimefichwa kwenye menyu ya ufundi yenye neno la siri; hapo mpigie mhandisi vifaa tiba wa hospitali ya mkoa, ni kazi ya dakika chache. Ukibadilisha huku unatazama skrini utaona mstari unasinyaa palepale: ule unene unatoka, vile vilele vyembamba vya pigo la moyo vinabaki vimesimama peke yake, na kati ya pigo na pigo unaanza kuona vilima vidogo viwili ambavyo hukuwa ukiviona.

Kabla ya hilo lakini, geuza mashine utazame kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimeandikwa 100–240V, hakuna shida. Kikiwa kimeandikwa 120V peke yake, ichomoe ukutani sasa hivi, itafutiwe transfoma. Nadhani ingekuwa hivyo ingeshaungua, lakini tazama.

Vinywele vingine havitokani na umeme wa ukutani bali vinatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Utavitofautisha kwa macho: kelele ya umeme ni ya sawasawa, unene ule ule kutoka mwanzo wa skrini hadi mwisho. Kelele ya misuli haina mpangilio, inakuja na kuondoka, ina meno meno. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi mwezi wa saba huko kwenu anaweza kuharibu ECG kuliko jenereta. Dawa yake ni blanketi. Nasema kweli: mfunike, subiri, utazame tena.

Na hapohapo kuna mafuta. Watu wetu wa nyanda za juu wanajipaka mafuta mwili mzima asubuhi ili ngozi isipasuke, na stika haishiki juu ya mafuta. Inaonekana imeshika, lakini chini yake kuna utando. Futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha sugua kidogo kwa shashi kavu hadi ngozi iamke. Tabaka la juu la ngozi iliyokufa ni kikwazo cha umeme sawa na mafuta. Unapobandika, bonyeza ukingo kwa kuuzungusha kidole. Ukibonyeza katikati unaikamua jeli itoke pembeni, na jeli hiyo ndiyo yenye chumvi, yaani ndiyo ndoo ya Einthoven ilipohamia. Stika za msaada mara nyingi zimepita muda. Fungua moja uguse katikati: ikiwa kavu, pakiti nzima ni ya kutupa. Pakiti ikishafunguliwa ikunje mdomo, usiiache wazi juu ya kaunta wiki nzima. Nimeona pia watu wakiongezea jeli ya ultrasaundi kwenye stika iliyokauka. Jeli ile imetengenezwa kupitisha sauti, haina chumvi ya kutosha kupitisha umeme huu, na inafanya stika iteleze.

Kuhusu ethi: mguu wa tatu wa plagi una kazi. Adapta ya kienyeji ya pini mbili inaongeza kelele kwenye skrini, na kubwa zaidi inamweka mgonjwa kwenye hatari umeme ukivuja ndani ya boksi. Na msimu wa mvua radi zinapoanza, ichomoe ukutani iendelee kwa betri. Kama betri haifikishi hata dakika tano, hiyo ni ya kubadilishwa, na sio sababu ya kuipeleka mashine stoo.

Sasa mstari kuchorwa kichwa chini. Hapa nina hakika zaidi kuliko pengine pote. Wauguzi wengi hapa kwetu tumefundishwa rangi za Ulaya: nyekundu bega la kulia, njano bega la kushoto, kijani chini kushoto, nyeusi chini kulia. Kebo ya Marekani ina baadhi ya rangi hizo kwa maana nyingine: nyeupe ndiyo ya bega la kulia, nyeusi bega la kushoto, nyekundu chini kushoto, kijani chini kulia. Ukiifunga ya Kimarekani kwa mazoea ya Ulaya, nyekundu inakwenda begani wakati mashine inaitegemea chini ya mbavu, na nyeupe, kwa kuwa njano haipo, inaishia bega la kushoto. Matokeo yake pigo linachorwa kuelekea chini. Na kwa kuwa si kila muuguzi anakisia vilevile, kwa mgonjwa mmoja linakuwa juu, kwa mwingine chini. Usitegemee rangi. Kwenye kila kichwa cha waya pana herufi ndogo: RA ni mkono wa kulia, LA mkono wa kushoto, LL mguu wa kushoto, RL mguu wa kulia. Kwenye kebo za Ulaya utakuta R, L, F na N kwa mpangilio huohuo. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, bandika kwenye boksi la mashine, na zamu zote zifuate hiyo.

Hilo la rangi linatupeleka kwenye upumuaji, maana makosa ya pale juu yanafika hadi huku chini.

Wengi wanadhani kuna kifaa fulani kinachopima pumzi. Hakuna. Mashine inatumia stika zilezile za moyo. Inapitisha kati ya stika mbili umeme mdogo sana wenye mizunguko ya makumi ya maelfu kwa sekunde, ambao mgonjwa hausikii na moyo haushtuki, kisha inapima kifua kinaukinza kiasi gani. Hewa haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo mtu akivuta pumzi ukinzani unapanda kidogo, akitoa unashuka. Kidogo kweli: ni kama ohm moja (ohm ni kipimo cha ukinzani), mara nyingi pungufu, juu ya mamia ya ohm za mwili na ngozi. Kutoka kwenye huo mtikisiko ndipo linapatikana wimbi la upumuaji na ile namba.

Sasa fikiria mtikisiko mwingine ulioko kifuani. Kila moyo unapopiga, damu inahama, na damu inapitisha umeme vizuri. Kwa hiyo ukinzani unabadilika pia kwa kila pigo, ila kwa kiasi kidogo kuliko pumzi. Mtu akipumua vizuri, pumzi inalifunika pigo. Lakini mama wa operesheni anapumua juu juu kwa sababu tumbo linauma. Pumzi zake ni fupi, mashine inaona wimbi dogo, inaongeza ukuzaji ili ilione vizuri, na inapoongeza inaanza kuona mapigo ya moyo. Inayahesabu kama pumzi. Ndiyo maana ilikuandikia pumzi 82 na mapigo 84. Mashine ilihesabu kitu kimoja mara mbili na kukupa majina mawili. Wakati wowote namba ya upumuaji inapokaribiana na namba ya moyo, usiiamini, hesabu mwenyewe. Na ukitazama wimbi lenyewe utaona mawimbi madogo ya haraka yamepanda juu ya wimbi kubwa la polepole. Lile la polepole ndilo pumzi zako 22.

Ile sifuri ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Pumzi ikiwa fupi kupita kiwango ambacho mashine imewekewa, haihesabiwi, na zikipita sekunde kadhaa, mara nyingi 20, inapiga kengele ya kuacha kupumua. Mara nyingine ni stika imeachia. Mara nyingine, na hii usiisahau, mgonjwa kweli ameacha kupumua. Kwa hiyo kengele hiyo haizimwi kutokea mlangoni. Unakwenda, unatazama kifua, unaweka mkono.

Yapo ya kufanya ili namba iwe bora. Mashine nyingi hupima pumzi kati ya stika ya bega la kulia na ile ya chini kushoto. Ukiwa umekosea rangi kama nilivyoeleza, zinapima kati ya bega na bega, mahali ambapo kifua hakitanuki sana, ndiyo maana wimbi linakuwa dogo. Rekebisha rangi kwanza. Kisha ile ya chini kushoto ishushe hadi mbavu za mwisho, pale ambapo unaona mwili unatanuka zaidi. Kwa mtoto mchanga, ambaye anapumua kwa tumbo zaidi kuliko kifua, isogeze ubavuni karibu na tumbo. Halafu hakikisha umechagua aina ya mgonjwa kwenye menyu: mtu mzima, mtoto au kichanga. Hilo si la pumzi peke yake. Kichanga akipimwa presha kwa mpangilio wa mtu mzima, mkanda unajaa kupita kiasi na kumbana mkono.

Hata ukifanya yote hayo, nakushauri hivi: namba ya upumuaji ndiyo dhaifu kuliko zote kwenye skrini. Kwa mtoto anayekohoa usiitumie kabisa kuamua kama ana nimonia. Viwango vya Shirika la Afya Duniani viko palepale, pumzi 60 au zaidi kwa dakika kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwaka 1 hadi miaka 5, na vinahesabiwa kwa macho, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mganga Mfawidhi wako kwa hilo la saa ana haki.

Kuna hatari kubwa zaidi ya namba kuruka, nayo ni namba kutulia wakati mambo yameharibika. Mgonjwa aliyelazwa chali baada ya dawa ya usingizi, ulimi ukaanguka nyuma na kuziba koo, kifua chake kinaendelea kupambana: kinapanda, kinashuka, hewa haiingii. Monita inaona kifua kinatikisika, inaandika 18, kila kitu kijani. Ukinzani wa kifua hausemi kama hewa imepita. Kinachosema hivyo ni mashine ya kupima kabonidayoksaidi inayotoka na pumzi, ambayo hutumia miali ya infraredi, na ambayo vituo vingi vya afya havina. Bila hiyo, sikio lako karibu na pua ya mgonjwa lina thamani kuliko skrini. Oksijeni ya kidoleni nayo itashuka, lakini kwa kuchelewa, na ikiwa mgonjwa yuko kwenye oksijeni itachelewa zaidi.

Tuje kwenye hiyo oksijeni. Klipu ya kidole inatuma mwanga wa aina mbili, mwekundu na infraredi, na kutazama ni kiasi gani kinavuka. Damu yenye oksijeni na isiyo na oksijeni zinaupunguza mwanga huo kwa namna tofauti. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyegundua, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba ukitazama tu ile sehemu ya mwanga inayopandashuka na mapigo unaipata damu ya ateri peke yake, bila ngozi, nyama wala mfupa. Alikuwa akitafuta kitu kingine. Mapigo hayo yalikuwa kero kwenye vipimo vyake, akaigeuza kero ikawa kipimo. Napenda sana kisa hicho.

Kwa hiyo bila mapigo kidoleni hakuna kipimo. Asubuhi ya baridi mishipa ya vidole imejikunja, wimbi la oksijeni linalala, na namba itakayotoka ni ya kubahatisha. Pasha mkono joto kwa kuushika ndani ya viganja vyako, subiri wimbi lisimame na lirudierudie sawasawa, ndipo usome. Usiweke klipu kwenye mkono uliofungwa mkanda wa presha. Rangi ya kucha iondolewe. Hina na piko kwenye ncha za vidole vinaweza kuzuia mwanga, tumia kidole kisichopakwa, au cha mguuni. Na tujue kwamba vifaa hivi huwa vinazidisha kidogo kwa ngozi nyeusi: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka hospitali za Marekani ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni ambao klipu haikuuonyesha karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa hiyo 91 ya mgonjwa wako anayehema, isome kwa wasiwasi.

Wenzako wanaoonyesha 93 na 94, je? Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenu ina oksijeni asilimia 21 kama ya Dar es Salaam, lakini mgandamizo wake ni mdogo: milimita 760 za zebaki pwani, kwenu kama 600. Ukiondoa mvuke wa maji ndani ya mapafu, oksijeni inayopatikana ni takribani robo pungufu. Mtu mzima mwenye afya kwenye mwinuko huo kuwa na 93 hadi 97 si ajabu. Ongeza na kosa la kifaa chenyewe, ambalo ni asilimia mbili tatu kwenda juu au chini, utaona 93 ya mwenzako anayecheka haina tatizo. Pimaneni wafanyakazi wote wa kituo, mikono ikiwa na joto, muandike. Huo utakuwa msingi wenu wa hapo mlipo. Ila mwinuko usiwe kisingizio. Chini ya 90 ni chini ya 90, mgonjwa apewe oksijeni.

Na sasa jambo ambalo hukuliuliza lakini kwa mtu wa Njombe siwezi kuliacha. Msimu wa baridi watu wanalala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa. Asubuhi wanaletwa kichwa kinauma, wanatapika, wengine hawajitambui. Ukiweka klipu inaandika 98 au 99. Si kweli. Kaboni monoksidi ikishika damu, klipu inaiona kama damu yenye oksijeni na kukutangazia uzima. Wimbi litakuwa zuri, namba nzuri, mgonjwa anakufa. Hapa ndipo hata ile kanuni yangu ya wimbi haisaidii. Historia ya jiko ndiyo kipimo. Mpe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja, kisha rufaa, bila kujali skrini inasema nini.

Kwa kifupi kuhusu maumivu ya kifua: mstari wa monita umechujwa ili utulie, na uchujaji huo unaweza kupindisha ile sehemu inayofuata baada ya pigo, ambayo daktari anaitazama akishuku mshtuko wa moyo. Monita ni ya kufuatilia mwendo wa moyo. Kutafuta ugonjwa ni kazi ya ECG kamili ya karatasi, na kama hamna, mgonjwa aende ilipo.

Viwango vya kengele navyo vimewekwa na hospitali ilikotoka. Vikagueni upya kimoja kimoja, maana kengele inayolia bila sababu usiku kucha itazimwa na mtu, na ikizimwa haitawashwa.

Ukishamaliza hayo yote na mstari bado una vinywele, kuna jaribio dogo la kuamua. Chukua vichwa vyote vya nyaya, uviunganishe pamoja kwenye kipande kimoja safi cha chuma, bila mgonjwa, mashine ikiwa kwenye betri. Mstari unapaswa kulala, mwembamba na safi. Ukilala hivyo, kebo na mashine ni vizima, tatizo liko kwenye ngozi, stika au soketi. Usipolala, tikisa waya mmoja mmoja karibu na kichwa chake huku unatazama skrini. Ule unaoruka ndio uliokatika ndani. Seti ya nyaya inauzwa yenyewe, haihitaji mashine mpya, ila soma namba ya modeli kwenye kibandiko cha nyuma kabla ya kuagiza, na uulizie iliyoandikwa R, L, F, N ili mzitupe zile za Kimarekani kabisa. Ikiwa hata kwa nyaya mpya mstari haulali, hapo ndipo mkubalie Mganga Mfawidhi, na badala ya stoo ipelekeni kwa mhandisi wa mkoa ikiwa na karatasi inayoeleza mlichokwisha kujaribu.